Majina ya Penseli

Binti yangu ana mazoea ya kuchonga penseli hadi ibaki kipisi kisichoshikika. Nimemkataza, nimemfichia kichongeo, wapi! Juzi alikuwa mezani, hapa kwetu Sinza, anafanya kazi za shule, nami napita na ungo wa mchele. Harufu ya penseli iliyotoka kuchongwa, ile harufu ya mbao kavu, ikanipanda puani nikajikuta nimevuta kiti nimekaa. "Mama, vipi?" akaniuliza. Nikamwambia mchele una mawe mengi. Kwa dakika ile sikuwa Sinza. Nilikuwa Temeke, kwenye mkeka wa Bibi, nina miaka saba, na mama yangu yu hai chumba cha pili, anakohoa.

Nyumba ya Bibi ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Bibi mwenyewe, mzaa baba, aliitwa Mwantumu binti Shomari. Ofisini hakuwahi kuingia ila kufuatilia vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu. Kazi yake maisha yote ilikuwa nyumba: kupika, kufua, kulea wanawe na wengine wasio wake, watoto wa binamu waliokuja mjini kusoma, wagonjwa waliokuja kutibiwa, mabibi harusi waliohitaji mahali pa kufundwa. Lakini alikuwa na kazi ya pili aliyoipenda kupita zote, nayo ni kujua nani ni nani. Mgeni hakupewa maji kabla ya kuulizwa, "Wewe mtoto wa nani?" Akijibu, Bibi alifumba macho akaanza kuhesabu mababu wake na wa mgeni, na mara nyingi mahali fulani walikutana. Kinyozi wa pale kona aligundulika hivyo kuwa alinyonya ziwa moja na baba yangu, na tangu siku hiyo mchana haukupita bila yeye kula kwetu. Mimi Bibi aliniita mke mwenzie, kwa utani wa bibi na mjukuu. Akinikuta nimekalia kiti cha marehemu Babu alisema, "Haya, leo zamu yako, basi na masufuria kayasugue wewe."

Ujuzi wote huo ulikaa kwenye kaunta buku moja nene yenye jalada gumu, ndani ya kopo la biskuti lililoanza kutu, pamoja na penseli mbili, wembe wa kuzichongea na kalamu moja ya wino mweusi. Utaratibu wake ulikuwa mmoja, na ndio uliotufikisha tulikofika. Walio hai aliwaandika kwa penseli. Mtu akifa, alilifuata jina lake kwa wino juu ya penseli ileile, herufi kwa herufi, kisha akalipuliza hadi likauke. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza sababu, akasema, "Aliye hai hajatulia. Leo kaoa, kesho kaacha, keshokutwa kahamia Mbagala. Utamwandika kwa wino mara ngapi? Aliyekufa ndiye hana safari nyingine." Na kwa kuwa penseli hufifia, kila mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, alikaa mkekani siku tatu nne akipitisha penseli upya juu ya kila jina la aliye hai, huku akiuliza habari zake: yuko wapi, ana watoto wangapi, ule mguu umepona? Siku hizo zikiisha ilisomwa hitima ya ukoo, na majina ya wino yakasomwa moja moja ili dua iwafikie wenyewe.

Haya nayajua sasa. Wakati ule hakuna aliyenieleza, nami nilikuwa mtoto wa kujieleza mwenyewe.

Siku moja nilirudi madrasa baada ya alasiri nikamkuta Bibi peke yake ukumbini, kopo liko wazi, kalamu iko mkononi. Alikuwa anapitisha wino juu ya jina moja, polepole, ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo kama anavyofanya akitunga sindano. Nilikuwa ndiyo kwanza najua kusoma, nikasoma: Athumani. Huyo alikuwa mdogo wake, aliyeishi Tanga, aliyekuwa akituletea machungwa. Bibi alilipuliza jina, akafunga daftari, akaniambia nikale. Nikala. Jua lilipokaribia kuzama Baba akarudi kazini, na hapo ndipo Bibi aliponyanyua mikono kichwani akalia, "Athumani amekufa, mwanangu, Athumani hayupo!" Nyumba ikajaa watu.

Mtu mzima angeona wazi kilichotokea. Simu ilikuwa imepigwa mchana dukani kwa Mzee Salumu, Mwarabu wa ng'ambo ya barabara, maana ndiye tu aliyekuwa na simu mtaani kwetu. Bibi akaipokea, akarudi, akaziba mdomo wake mpaka mwanawe aje, kwa sababu hakuwa mtu wa kulia peke yake. Mimi sikuiona simu. Mimi niliona wino, na baada ya wino nikaona kifo. Tangu siku hiyo niliiogopa ile kalamu kuliko nyoka.

Mama alikuwa ameanza kukohoa kabla ya hapo. Alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa Kondoa, na sauti yake ilikuwa ya chini hata akikugombeza. Jina lake Zaina. Alipoolewa, Bibi alimkalisha mkekani kama alivyowakalisha wote, akamwuliza. Zaina binti nani? Binti Issa. Issa bin nani? Mama akasema, "Sijui, Mama. Alifariki nikiwa mgongoni. Nimelelewa na majirani." Bibi akaandika Zaina binti Issa, akaacha nafasi mbele yake, na kwa miaka mingi kila mtu wa Kondoa aliyepita mtaani, awe fundi wa viatu, awe askari, alisimamishwa aulizwe kama anamjua Issa fulani. Mama aliona haya. Lakini mara moja aliniambia, akinisuka, kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kumtafutia baba yake.

Aliyekuwa hapatani na Mama ni wifi yake, Shangazi Mwajuma, binti pekee wa Bibi. Shangazi alikuwa ameachika, karudi kwa mama yake, na akamkuta jikoni mwanamke mwingine ameshazoea kushika mwiko. Walikuwa wakinuniana kwa mambo ya mawifi, nani kahamisha mbuzi ya nazi, nani kaacha ndoo wazi. Halafu siku moja ya Shaabani, tumekaa wote mkekani, Bibi akafika kwenye ile nafasi mbele ya Issa akahema, na Shangazi akasema kwa sauti, "Mama nawe! Mtu asiye na ukoo tunamwandika wa nini?" Mama akainuka akaenda uani. Bibi akamtazama bintiye kwa muda mrefu. Maneno yale hayakusahaulika kwa yeyote aliyekuwepo, na waliokuwepo walikuwa wengi.

Shaabani iliyofuata Mama alikuwa kitandani. Alikuwa amepelekwa hospitali akarudishwa, akapelekwa tena akarudishwa. Siku ile, adhuhuri, Bibi alikuwa ameacha daftari wazi mkekani akaenda kuchukua udhu. Shangazi alikuwa uani anapara samaki. Nilipita nikaona ukurasa: juu Bibi na Babu, chini yao watoto wao, Baba na Shangazi, na ubavuni mwa Baba, kwa penseli, Zaina binti Issa. Na juu ya ukurasa, imelala kimyakimya, ilikuwepo kalamu ya wino. Bila shaka aliiweka karatasi isipeperuke. Mimi niliona kwamba zamu ya Mama imefika.

Nilikuwa na raba yangu ya shule, ile nyekundu ngumu inayochafua kuliko inavyofuta. Nikapiga magoti nikaanza kufuta. Jina lilikuwa limepitiwa penseli mara nyingi, halikutoka. Likawa doa la kijivu. Nikailamba raba, nikasugua tena, huku nasikia Bibi anajimwagia maji ya udhu miguuni. Mantiki yangu ilikuwa nyepesi: pasipo na jina, wino utapita juu ya nini? Nilisugua mpaka karatasi ikalainika, ikatoboka. Nikapuliza vile vinyuzi vya raba, nikakimbilia chumbani kwa Mama, nikamwambia, "Hufi tena." Akacheka kidogo, akakohoa, akanishika kichwa. Mkono wake ulikuwa wa moto.

Ukumbini upepo ulikuwa unafunuafunua kurasa. Shangazi akapita kunawa mikono, akaliona, akalifunga daftari bila kulitazama, akalirudisha kopo kabatini. Bibi alipotoka kuswali aliuliza nani kafunga, Shangazi akajibu bila wasiwasi, "Nimelifunga mie, Mama, upepo ulikuwa unalichana." Bibi akamshukuru. Alikuwa amechoka, na kurasa zilizobaki zilikuwa za watu wa mbali, akaanzia hapo siku ya pili.

Mama alifariki hospitali siku ya sita, alfajiri. Wakamzika alasiri. Wanaume waliporudi makaburini, wanawake wakiwa wamejaa ukumbini, Bibi akaomba kopo lake. Nilikuwa nimekaa magotini kwa jirani mmoja ambaye alikuwa ananilisha tende. Bibi akafungua kalamu, akafunua ukurasa. Akalisogeza daftari kwenye mwanga wa mlangoni. Akapitisha kidole pale, kidole kikatokea upande wa pili.

"Nani kafanya hivi?"

Hakupaza sauti. Watu wakasogea kuona. Sikuona uso wa mtu hata mmoja aliyenitazama mimi. Macho yote yalikwenda kwa Shangazi, kama yaliyoambiwa.

"Mwajuma," Bibi akasema. "Daftari ulilifunga wewe."

"Nililifunga, Mama, lakini wallahi..."

"Usiape. Maiti ana saa moja ardhini, usiape."

"Mama, mie na yule tulikuwa tunagombana, ndiyo, nani asiyejua? Lakini siwezi kumfuta mtu! Mie mtoto wako, unanijua mie!"

Bibi akafunika kalamu. "Mimi sitaliandika," akasema. "Aliyelifuta ndiye atakayekuja kuliandika, kwa mkono wake, mbele yangu. Mpaka siku hiyo pakae hivi."

Ningesema. Kila ninapofika hapa najiambia ningesema, tende iko mdomoni, ningeitema nikasema ni mimi. Lakini wakati ule nilikuwa nimeshajieleza tena mambo, na safari hii maelezo yalikuwa mabaya kuliko ya kwanza. Wino haukupita juu ya jina la Mama, lakini Mama alikuwa amekufa. Kwa hiyo si wino uliomuua. Daftari lilikuwa la watu walio hai na waliokufa; mimi nilimtoa kwa walio hai, na kwa mkono wangu. Kama ningesema nimefuta, ningekuwa nasema nimeua. Niliimeza ile tende, nikaendelea kunyamaza, na kunyamaza kukawa mazoea.

Arobaini ilipoisha Shangazi alifunga mizigo yake akahamia Kiwalani, chumba kimoja, akawa anakaanga mihogo barazani. Hakufukuzwa. Bibi hakuwahi kumfukuza mtu. Alimwitikia salamu tu, na baada ya salamu hakuongeza neno. Kila Idi Shangazi alikuja na sahani ya biriani imefunikwa kawa, akasimama mlangoni, "Shikamoo, Mama." "Marahaba." Basi. Mimi ndiye niliyetumwa kuipokea sahani. Alikuwa ananishika shavu, ananiambia nimekua, nami natazama kawa.

Na Bibi, mwanamke yule aliyeweza kumuunganisha muuza maji na babu wa saba, akawa na binti mmoja ambaye hakuweza kumuuliza ule mguu umepona. Alizeeka ghafla. Alizidi kupika chakula kingi kuliko watu waliokuwepo. Siku ya hitima aliposoma majina ya wino, na mimi nimekaa ubavuni namshikia kurasa, akifika kwenye lile tundu, nami nimefumba macho, alinyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu kiasi cha mtu kuvuta pumzi mara mbili. Kisha akasema kwa kichwa, "Zaina binti Issa," akaendelea. Wengine walidhani anapumzika. Kila mwaka nilikisubiri kimya kile.

Kuna jambo jingine la Shaabani ambalo nililielewa vibaya kwa zaidi ya miaka ishirini. Bibi alipokuwa anapitia majina ya walio hai, akifika kwenye ukurasa ule wa watoto wake, aliniambia, "Mke mwenzangu, nenda kaniletee maji." Nilikwenda mtungini. Nikirudi alikuwa ameshafunua mwingine, na maji hakuyanywa. Niliamini ananiondoa nisilione tundu la mama yangu. Nikamshukuru, na nikazidi kujichukia.

Bibi aliishi sana. Alizika wengi, akawafuata kwa wino. Mwishoni majina yakaanza kumtoka, yeye wa kutokwa na majina! Kwanza wajukuu wa mbali, kisha majirani, kisha sisi. Nilikuwa nimeshaolewa, nakwenda Temeke kila Jumamosi kumwogesha na kumkata kucha. Jumamosi moja, nikiwa nimeushika mguu wake kwenye beseni, nikamwambia. Nilimwambia yote, raba, udhu, samaki, tende. Nilisema, "Shangazi hakufanya, Bibi. Ni mimi." Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mgeni.

"Wewe mtoto wa nani?" akaniuliza.

"Mimi ni Rehema, Bibi. Mtoto wa Zaina."

Uso wake ukachangamka. "Zaina binti Issa," akasema. "Issa bin nani?"

Nililia pale nimeinamia beseni, na yeye akanipigapiga mgongoni akiniambia nisijali, atamuuliza mtu wa Kondoa.

Alifariki mwaka huo. Shangazi alikuja matangani, akakaa karibu na mlango, palepale alipozoea kusimama. Arobaini ilipopita Baba akanikabidhi kopo, akasema mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia kurasa, kwa hiyo mimi ndiye nimwandike Bibi kwa wino. Nililifungua mara moja tu nyumbani. Nililiona tundu, nikalifunga. Siku ya pili nikachukua bajaji kwenda Kiwalani na kopo limekaa mapajani.

Shangazi alikuwa barazani anamenya mihogo. Amekuwa mzee, na amefanana na mama yake mpaka inauma. Nikamwamkia, akaniitikia kwa furaha, akanisogezea kigoda. Sikutaka kukaa maana nikikaa ningeanza kuuliza habari za afya. Nikasema. Na nilipokuwa nasema, ndege ikapita juu yetu inakwenda kutua, mabati yakatetemeka, maneno yote yakapotea.

"Unasemaje, mwanangu? Hizi ndege zitatuua."

Ikanibidi niseme mara ya pili. "Jina la Mama. Kwenye daftari. Nililifuta mimi."

Kisu kikasimama kwenye muhogo. Nikamweleza yote, na nilipomaliza hakunitazama.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Saba."

"Saba," akarudia. Akakiweka kisu kwenye beseni. "Mama alijua?"

"Nilimwambia, Shangazi. Ila wakati ule alikuwa hanijui hata mimi."

"Kwa hiyo kafa anajua ni mie."

Nikatazama maganda ya mihogo.

"Sema! Si leo umepata mdomo?"

"Ndiyo, Shangazi."

Akajifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. "Kila Idi nilikuwaga nasimama mlangoni kwa mama yangu mzazi kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Na wewe ndo ulikuwa unanipokea sahani. Wewe, Rehema!" Sikuomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kuomba, njia nzima nimepanga maneno, lakini mbele ya uso ule yalikuwa maneno ya kijinga. Nikakaa chini, kwenye sakafu, siyo kwenye kigoda.

Tulikaa hivyo hadi ndege nyingine ikapita. Kisha akasema, polepole, kama anayeogopa jibu, "Jina langu limo humo?"

"Sijui."

"Hujui vipi, na kurasa unashika wewe?"

"Bibi akifika ukurasa ule alikuwa ananituma maji, na siku ya hitima nilikuwa nafumba macho. Na jana nilipofungua niliona tundu tu, sikuweza kutazama pengine."

"Sie wengine tulishajijua tumetolewa," akasema. Lakini akanyoosha mkono. "Lete."

Nikamfunulia. Kila jina lililobaki la penseli kwenye ukurasa ule lilikuwa limefifia, hata la Baba, maana miaka ya mwisho Bibi hakuweza tena kushika penseli sawasawa. Isipokuwa moja. Mwajuma binti Mohamedi lilikuwa jeusi kama limeandikwa jana. Alikuwa amelipitia na kulipitia, si mara moja kwa Shaabani, mara nyingi, kwa mkono mzito, mpaka karatasi imeshuka mahali pa herufi na kung'aa. Shangazi hakusoma. Aliigeuza karatasi akapitisha kidole upande wa nyuma, ambako jina lake lilikuwa limetokeza kama mshono, akalifuata kutoka mwisho hadi mwanzo. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti.

Mimi ndipo nikaelewa maji yale yalikuwa ya nini.

Kisha akanipa kalamu. Nikamwomba aandike yeye, nikasema Bibi angefurahi kuona ni mkono wake.

"Hapana," akasema. "Mama alisema aliyefuta ataandika. Umefuta wewe, andika wewe."

Pale palipokuwa na jina hapakuwa na karatasi, kwa hiyo niliandika chini ya tundu, kwa wino, Zaina binti Issa. Herufi zikawa za mtoto wa darasa la kwanza. Nikaacha nafasi mbele ya Issa, kama Bibi alivyoiacha. Nikapuliza. Kisha nikapeleka kalamu juu ya ukurasa, kwenye Mwantumu binti Shomari, na Shangazi akanishika kiganja.

"Huyo niachie mie."

Akaliweka daftari mapajani juu ya kanga yenye unga wa mihogo. Shangazi hakusoma sana. Aliandika kwa shida, ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo. Alifika "Mwan" akasimama. Akavuta kamasi, akatazama barabarani, akarudi kwenye jina, akashindwa kuendelea.

"Rehema," akasema bila kunitazama, "nenda kaniletee maji."

Nikainuka, nikazunguka nyuma ya nyumba kwenye ndoo, nikachota kikombe, nikasimama nacho pale, sikurudi haraka.